Niliambiwa Nishindwe, Nikasema Wiki Ijayo

Mimi ni Mkristo. Naanza na hilo moja kwa moja kwa sababu hapa Ifakara sasa hivi kuna kigango kizima cha watu wasioamini kwamba mimi ni Mkristo, na kosa si lao. Kosa ni langu, la mdomo wangu huu huu.

Naomba jina langu msilitoe. Ingawa hata mkilificha haitasaidia sana. Ukishuka stendi ukamuuliza bodaboda yeyote, "Yule mpagani wa mashineni anakaa wapi?", utaletwa mpaka mlangoni, na njiani utasimuliwa yote, pamoja na yale ambayo hayakutokea.

Basi bora nisimulie mwenyewe. Sogea karibu.

Shule niliishia la saba. Nafanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga, mtaa wa Viwanja Sitini, na mashineni ndiko nilikosomea ubishi. Kila siku mtu analeta gunia la mpunga, anategemea kuondoka na gunia la mchele. Akiona mchele umeishia nusu gunia na kidogo, anaanza: "Mchele wangu mwingine uko wapi?" Namwonyesha lundo la pumba pale nje, namwambia, "Mama, mpunga wako ulikuja umevaa koti. Koti lile pale." Anacheka, anaondoka. Miaka mitano sijashindwa na mtu, tena nabishana mashine ikiwa inanguruma.

Ulimi huo ndio ulionipatia Skola. Skola ni fundi cherehani, kibanda chake kinatazamana na mashine yetu. Alikuja siku moja kulalamika kwamba vumbi letu linaharibu vitambaa vyake. Nikambishia mpaka akasahau alichokuja kusema. Kesho yake akarudi kumalizia. Keshokutwa pia. Ndivyo tukafika kwenye posa.

Baba yake ni katekista wa kigango chetu, upande wa Katindiuka. Wote tunamwita Mwalimu. Mzee mpole, kwao asili ni Mahenge, anavaa koti hata jua la saa nane. Posa aliipokea, lakini nilimsikia akimwambia Skola: "Kijana si mbaya. Ila mdomo wake hauna breki, na mteremko bado haujaanza."

Kwa hiyo siku Mwalimu alipokuja mashineni kuniomba msaada, nilizima mashine. Sijawahi kumzimia mtu mashine.

Shida yake ilikuwa wanafunzi wetu wa sekondari. Wawili walikuwa wanasoma bweni upande wa Kidatu, kule kwenye watu wa kila kabila na kila dini waliofuata kazi za miwa. Bwenini wenzao wakawauliza maswali ya imani yao. Mmoja akajibu, "Ndivyo tulivyokuta." Mwingine akajibu kwa ndoo. Yaani alimpiga mwenzake na ndoo. Akafukuzwa bweni, akarudi nyumbani na barua.

"Imani haitetewi kwa ndoo," Mwalimu akaniambia. "Inatetewa kwa hoja, tena kwa upole. Nataka niwafundishe. Lakini mimi nikiwauliza hawashtuki, wamenizoea. Nahitaji mpinzani."

"Mpinzani wa aina gani, baba?"

"Mtu asiyeamini. Uje Jumamosi uigize. Maswali na majibu yote yamo kwenye daftari hili. Unauliza, mwanafunzi anajibu, halafu wewe unasema: Hapo umenishinda. Basi."

"Kwa hiyo kazi yangu ni kushindwa."

"Ndiyo kazi yenyewe. Utaiweza?"

Nikasema nitaiweza. Mkwe mtarajiwa kaomba, utakataaje?

Jumamosi ya kwanza nilishindwa vizuri kabisa. Wanafunzi walikuwa kumi na wanne, wamekaa kwenye mabenchi ya kanisani. Nilishindwa mara sita. Nilishika kichwa, nikajitupa chini, nikaomba maji. Mwalimu alifurahi mpaka akanipakia kwenye baiskeli yake kunirudisha.

Jumatatu, mpakiaji mmoja wa magunia akaniuliza mbele ya wateja, "Nasikia umechapwa hoja na watoto wa kidato cha pili?"

Lile swali sikulipenda. Nililala nalo.

Jumamosi ya pili akasimama binti mmoja wa kidato cha tatu. Nitamwita Fausta, si jina lake. Mwembamba, mkimya, akiongea anaangalia viatu vyake. Nikamuuliza kama daftari lilivyosema: "Huyo Mungu wako ulimwona wapi?"

Akajibu taratibu, "Hata upepo hauonekani. Lakini ukipita, majani yanatikisika."

Hapo nilitakiwa niseme, Hapo umenishinda. Maneno mawili tu. Yalikuwa yameshafika kwenye meno.

Nikasema, "Upepo mbona nauona? Njoo mashineni kwangu uone pumba zinavyonipiga usoni. Huyo Mungu wako pumba zake ziko wapi?"

Darasa likaanguka kwa kicheko. Yule wa ndoo alicheka mpaka akatoka nje. Fausta akabaki amesimama kidogo, halafu akakaa. Na mimi nikaona raha, jamani, sitaki kudanganya. Raha kama ya kunywa maji ya baridi ukitoka mashineni.

Mwalimu akanivuta pembeni. "Mwanangu, ulitakiwa ushindwe."

"Nitashindwa wiki ijayo, baba."

Wiki iliyofuata sikushindwa. Na iliyofuata pia. Mwalimu akawa ananikumbusha mlangoni kabla sijaingia, kama mtu anayemkumbusha mtoto kufuta miguu: "Leo shindwa." Namwambia leo nashindwa. Nikiingia tu, mtoto akileta jibu la kwenye daftari, ulimi unaamka. Kuna Jumamosi niliwaambia ubatizo wa mtoto mchanga ni sawa na kumsainisha mtu akiwa amelala. Nyingine niliuliza kama Nuhu alipakia mbu, na kama alipakia, tunamshukuru kwa lipi watu wa bonde hili. Nikaondoka zangu kwenda kula, nimewaachia swali bila jibu, kama mtu anayefungulia mbuzi wa watu halafu anakwenda safari.

Kibaya zaidi, nikaanza kuwafundisha na mimi. Nilijiona profesa. Nikawaambia: mtu mwenye akili hakubali tu. Nyoosha mkono, simama, toa hoja, leta ushahidi, funga na hitimisho. Ukiambiwa "ndivyo ilivyo", usikae.

Hawakukaa.

Mji ukaanza kuharibika kidogo kidogo. Mtoto mmoja aliwekewa perege nusu na mama yake, akasimama kwenye mkeka akatoa hoja kwamba nusu nyingine imeliwa jikoni, ushahidi ni mafuta kwenye kidevu cha mama, hitimisho mama aongeze. Alilala na njaa, lakini alilala ameshinda. Mwingine alimwambia mwalimu wake wa jiografia kwamba Mto Kilombero ataukubali akishapelekwa akauone, wakati anavuka daraja lake kila likizo.

Bibi mmoja, kiongozi wetu wa rozari, alikuja mpaka mashineni na fimbo yake.

"Shikamoo bibi."

"Sitaki shikamoo yako. Wewe ndiye uliyemfundisha mjukuu wangu aniulize ushahidi kwamba mimi ni bibi yake?"

"Sasa wewe ulimjibu nini, bibi?"

Alinichapa fimbo mbili, na mimi mtu mzima mwenye mchumba. Hata hapo sikushtuka. Nilikuwa nacheka huku najikuna.

Ikafika harusi.

Kwetu unajua, kabla ya ndoa mnatangazwa kanisani Jumapili tatu. Jina lako, jina la mwenzako, halafu inasomwa: mwenye kujua kizuizi cha ndoa hii atoe taarifa. Hakuna mtu anayetoa. Watu wanakohoa, anayefuata anasomwa. Kigangoni kwetu padre anakuja mara moja moja, Jumapili nyingine ibada anaongoza katekista. Kwa hiyo aliyekuwa anatutangaza mimi na Skola ni baba yake mwenyewe.

Tangazo la kwanza likapita. La pili likapita. Jumamosi Skola akafanyiwa sendofu, akaagwa na ukumbi mzima, akalia, shangazi zake wakalia, akapewa masufuria. Jumapili tangazo la tatu, ndoa Jumamosi inayofuata.

Mwalimu akasoma. "Mwenye kujua kizuizi chochote cha ndoa hii, atoe taarifa."

Watu wakakohoa. Halafu benchi la pili, upande wa dirisha, mkono ukanyooshwa.

Fausta.

Mwalimu akadhani anataka kutoka nje. "Nenda tu, binti."

"Sitoki, Mwalimu. Nina hoja."

Fausta akasimama. Safari hii hakuangalia viatu.

"Hoja yangu ni kwamba bwana harusi haamini. Ushahidi, Jumamosi saba mfululizo amekataa kwamba Mungu yupo, mbele ya mashahidi kumi na watatu ukinitoa mimi. Hitimisho, ndoa ya Mkristo na asiyeamini ina kizuizi mpaka askofu atoe kibali. Mwalimu ulitufundisha mwenyewe, mwezi wa pili."

Wenzake kumi na watatu wakasimama. Hata yule wa ndoo.

Mwalimu akafuta jasho. "Fausta, mwanangu, yule alikuwa anaigiza tu."

"Anayeigiza anafuata daftari, Mwalimu. Daftari lilisema ashindwe. Kama alikuwa anaigiza, mbona hakufika mwisho wa igizo hata siku moja?"

"Siku ya kwanza nilishindwa," nikasema kutoka nilipokaa.

"Siku ya kwanza ndiyo uliigiza," akasema Fausta. "Tunaongelea zile saba."

Nikasimama. Nikajua hapa naumaliza ubishi mara moja, mimi nabishana na watu wenye magunia, sembuse binti. Nikasema, "Jamani, mimi nimebatizwa. Cheti kipo."

"Ulibatizwa ukiwa mchanga. Jumamosi ya tano ulisema hiyo ni kumsainisha mtu akiwa amelala."

"Basi naamini sasa hivi, nikiwa macho. Mungu yupo."

"Ulimwona wapi?"

Wee. Kanisa zima likanigeukia. Mama yangu alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Nikatafuta jibu lolote, likaja moja tu, lile la kwenye daftari. Nikasema, sauti yenyewe imeshakuwa ndogo, "Hata upepo hauonekani..."

"Upepo unauona," akasema Fausta. "Pumba zinakupiga usoni."

Walicheka. Hata wazee wa kanisa walicheka, wengine wameziba midomo kwa vitabu vya nyimbo. Nikakaa. Mtu mmoja tu hakucheka, Skola. Alikuwa ananiangalia kama vile ameletewa kitambaa ambacho hakukiagiza.

Mwalimu angeweza kupuuza. Lakini yule mzee ni mkweli, akasema kizuizi kikitolewa kina njia yake, akaandika barua kwa Paroko. Paroko alituita Ijumaa asubuhi. Alisikiliza yote huku ameinamisha uso kwenye meza, mabega yanatikisika. Alipoinuka alikuwa na machozi, sijui ya nini. Akasema, "Kesi imefunguliwa na darasa, ifungwe na darasa. Siku wale watoto watakaposema wameridhika kwamba kijana anaamini, mtatangazwa upya. Kuanzia tangazo la kwanza."

Ndugu wa Skola walishapanda basi kutoka Mahenge. Walifika Ijumaa, wakala pilau la harusi bila harusi, wakarudi Jumapili wakiwa wameshiba na wamekasirika. Na Skola mwenyewe alishaagwa. Kaagwa, kalia, kapewa masufuria, halafu Jumatatu yuko pale pale kwao anafagia uwanja. Kila anayepita anamsalimia, "Kumbe hujaondoka?"

Nilimfuata kibandani. Nikaanza na utani, nikamwambia angalau masufuria yamebaki. Akasimamisha cherehani.

"Unajua kinachoniuma si wale watoto," akasema. "Wanaongea kweli. Kinachoniuma ni kwamba siku uliyoniambia unanipenda, niliamini bila kuuliza. Sasa najiuliza, siku ile ulikuwa unafuata daftari, au ulikuwa unatafuta kushinda?"

"Skola, wewe nawe unataka ushahidi?"

"Nataka siku moja nikuulize kitu usinichekeshe."

Akawasha cherehani. Mwenye cherehani akiwasha, maongezi yameisha.

Basi Jumamosi nikaenda darasani kushindwa. Nilidhani kazi rahisi. Nikauliza swali, mtoto akajibu, nikasema haraka, "Hapo umenishinda."

Yule wa ndoo akanyoosha mkono. "Hoja, anajifanya. Ushahidi, amesema ameshindwa kabla mwenzangu hajamaliza sentensi. Hitimisho, arudie."

Nikarudia. Wakasema nimekubali haraka mno. Nikakubali pole pole, wakasema nachelewesha kwa dharau. Jumamosi iliyofuata nililia, machozi kabisa. Wakajadili machozi yangu dakika ishirini, wakapiga kura, yakashindwa kwa kura kumi na mbili kwa mbili. Na Mwalimu amekaa pale kwenye kona. Mkwe ndani yake anahuzunika, mwalimu ndani yake anafurahi, wanapokezana usoni. Maana wale watoto walikuwa moto. Mpeleke bweni lolote sasa hivi, harudi na barua.

Nikaona niende kwa mwenye kesi mwenyewe.

Nilimkuta Fausta shambani kwao, juu ya dungu, lile jukwaa la miti la kukaa ukifukuza ndege. Mpunga ulikuwa umeshaanza kubeba. Ana kombeo mkononi na lundo la madonge ya udongo pembeni.

"Shikamoo kaka," akasema. Si unaona? Ameniharibia harusi na bado ananiamkia.

"Marahaba."

"Umekuja kubishana?"

"Hapana."

"Umekuja kushindwa?"

"Hapana. Nimekuja kuuliza. Ile siku ya upepo, nilikufanyia nini?"

Akarusha donge kwanza. Ndege wakaruka, wakatua hatua kumi mbele.

"Baba alipofariki," akasema, "mama alikuwa ananileta hapa. Upepo ukija, mpunga wote unalala halafu unainuka. Mama akaniambia, anayepita humwoni, lakini unaona alipopita. Baba yako yuko kwa huyo. Lile jibu mimi sikulitoa kwenye daftari, kaka. Mwalimu ndiye aliyelisikia kwa mama msibani, akaliandika kwenye daftari." Akarusha donge jingine. "Wewe ukasema pumba."

Nikafungua mdomo. Na nakuapia, vichekesho vitatu vilikuja, vimejipanga mstari, kimoja kizuri sana. Nikavimeza. Vilipita kooni kama wali wenye mawe.

"Sina jibu," nikasema.

"Ongea kwa nguvu, ndege wanapiga kelele."

"Sina jibu, Fausta. Nisamehe."

Nikangoja upepo upite, ule mpunga ulale na kuinuka, maana ingependeza. Haukupita. Joto tu na ndege. Fausta akanirushia debe bovu, akasema kama sina kazi nipige upande ule wa mtoni, ndege wa kule hawamwogopi. Nikaenda. Nikapiga debe mpaka mikono ikafa ganzi. Hatukuongea tena.

Jua lilipoinama akashuka. Akaniangalia, mimi na debe langu, nimejaa tope.

"Hapo umeshindwa," akasema.

Ulimi huu, jamani. Nikauliza, "Ushahidi?"

"Saa tatu nzima hujachekesha mtu."

Jumamosi ile alisimama darasani akasema ameridhika. Yule wa ndoo alitaka kura, wenzake wakamkalisha.

Skola alipopata habari akasema na yeye anataka saa tatu zake. Nikakaa kibandani kwake naokota nyuzi sakafuni, mdomo nimefunga. Mara ya kwanza niliishia dakika arobaini, kuna mteja alileta suruali, mimi ningefanyaje? Mara ya pili nilifika. Akaendelea kushona. Jumapili yake nikamsikia baba yake akisoma majina yetu, tangazo la kwanza, nikajua nimejibiwa.

Sasa ninyi mnaosoma. Hoja ni kitu kizuri, mjifunze, msijibu kwa ndoo. Lakini ukimkuta mtu ameegemea jibu lake, usilivute kwa sababu watu wanacheka, hujui alilipata kwenye msiba gani. Na kama umepewa kazi ya kushindwa, shindwa siku hiyo hiyo. Usiseme wiki ijayo. Wiki ijayo yangu imenilia harusi, pilau, na heshima mpaka kwa bibi wa rozari.

Tangazo la pili limeshapita. La tatu ni Jumapili hii. Fausta anakaa pale pale, benchi la pili, upande wa dirisha. Niombeeni asinyooshe mkono. Na akinyoosha, niombeeni mimi nikae kimya.